Filamu ya mapenzi ya enzi za mkoloni, ukiipiga hapa Dodoma

Mbukwenyi wanangu.

Kila kijana anayekuja kwenye cherehani yangu hapa Majengo na skripti ya mapenzi ya enzi za mkoloni huanza kwa kunisimulia busu. Mimi humuuliza mwaka. "Zamani tu, mama, enzi za mkoloni." Haya, mkoloni yupi? Mjerumani au Mwingereza? Mariamu wako analipwa rupia au shilingi? Barua ya Yohana ina stempu ya twiga au ya mfalme? Enzi hizo ni zaidi ya miaka sabini, na mtu aliyevaa sawasawa kwa mwaka 1910 ni kichekesho akisimama 1948. Mtazamaji hatakutajia kosa lilipo. Ataanza tu kuangalia simu yake.

Nashona mavazi ya filamu na maigizo, na kwa kuwa bajeti zetu haziajiri mtu wa vifaa, nabeba pia vibuyu, kandili na madebe. Kwa hiyo maelekezo haya yanatoka upande wa sindano. Ya lenzi muulize mpigapicha.

Mwaka kwanza

Kwa Dodoma na wilaya zake naona miaka mitatu inayolipa.

Mwaka 1910 reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma. Una Mjerumani, una rupia na heleri, una vibarua kutoka pande zote, na una wapagazi wa njia ya misafara ya Mpwapwa wanaotazama kazi yao ikichukuliwa na gari moshi. Hadithi tamu sana. Ila mavazi yake yanakula pesa: magauni ya wanawake wa Kizungu bado ni marefu ya kuburuza vumbi, na sare za askari wa Kijerumani zinataka vifungo na kofia ambazo utazitengeneza moja moja. Kama prodyuza wako bado anahesabu nauli ya bodaboda, mwaka huo waachie wengine.

Mwaka 1932 wengi hawaujui, na ni dhahabu. Mwaka huo kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ndege za kutoka London hadi Cape Town, na baada ya Nairobi ndege ilikuwa ikitua Moshi, kisha Dodoma, kisha Mbeya. Ndege ya abiria, hapa hapa, wakati baba zetu wengine walikuwa hawajaona hata lori. Na huhitaji ndege yenyewe! Unahitaji mlio, feni kubwa ya kupuliza vumbi, soksi ya upepo kwenye mti mrefu, na watu thelathini wanaoinua nyuso zao kwa pamoja. Mwanamke aliyesimama pembeni akisubiri barua yake ndiye picha. Angalia tu usizidishe miaka: kuanzia 1937 kampuni hiyo ilihamia kwenye ndege za kutua majini zilizopita pwani, kwa hiyo usimpandishe mtu ndege hiyo Dodoma mwaka 1940.

Mwaka ninaoupenda mimi ni 1948, na mahali pake ni Kongwa.

Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na maeneo mengine yakawa Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mashine mbili ili uzoe vichaka. Mibuyu ikawashinda, nyuki wa kwenye mapango ya mibuyu wakawafukuza madereva, mvua ikakataa, na udongo wa Kongwa ukishapigwa na jua la kiangazi hauachii karanga. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Hawakufika hata 10,000. Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza kiasi kinachotajwa kuwa pauni milioni 36.

Sasa weka mapenzi humo. Yohana ni karani wa stoo, amesoma misheni, ana baiskeli na anasoma Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923. Mariamu ni muuguzi katika hospitali ya misheni ya Mvumi. Yohana analipwa shilingi, na baba yake Mariamu hataki shilingi, anataka ng'ombe. Ng'ombe hawanunuliki kwa urahisi kwa sababu ukame umewamaliza, na Yohana anasema subirini mwaka mmoja, mradi huu utanifanya mtu mkubwa. Mtazamaji anajua mradi utakufa. Yohana hajui. Huo ndio upana wa filamu ya namna hii: watu wawili wadogo wanapanga maisha juu ya kitu kikubwa ambacho tayari kinaporomoka, na hukulipa shilingi hata moja kuupata, umeupata kwa kuchagua mwaka.

Mtaniuliza: na Wazungu je? Waweke, walikuwepo. Lakini nimechoka kushona kanzu nyeupe za maboi wa kubeba trei ili Mzungu na Mzungu mwenzake wapendane mbele ya machweo yetu. Ukitaka mapenzi ya mhandisi wa Kiingereza na binti wa Kigogo, nayo yanawezekana, ila mpe binti baba, mpe shangazi, mpe watu watakaomuuliza anakwenda wapi jioni ile.

Nguo

Ukishaandika 1948 kwenye ukurasa wa kwanza, kabati linajifungua lenyewe.

Wanaume wa kazini ni kaki. Kaptula ya wakati ule ni pana mapajani, ina marinda kiunoni na inafika karibu na goti. Usinunue kaptula za leo. Nenda mitumba, pale Sabasaba au Machinga Complex, chagua suruali za wazee zenye marinda mbele, kata, kunja upindo mpana, ng'oa zipu na utie vifungo. Usiache zipu, mwigizaji akikaa itaonekana. Piga wanga wa muhogo, pasi ya mkaa, na mshono wa pasi usimame wima. Karani atavaa soksi ndefu na viatu vya kamba vilivyopakwa rangi. Kibarua atavaa peku, au kandambili zilizokatwa kwenye tairi. Malapa ya plastiki hayakuwepo, na hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokagua asubuhi: naangalia miguu kabla ya nyuso.

Kumbukeni pia kwamba vijana wetu wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walikuwa wamerudi kutoka vitani Burma. Koti zito la jeshi juu ya shuka, kwenye baridi ya asubuhi ya Julai, linasema mengi kuliko ukurasa mzima wa maneno. Makoti hayo mitumba yapo. Ng'oa nembo za jeshi la watu na badilisha vifungo.

Wanawake wa kijijini ni kaniki, kile kitambaa cheusi cha pamba, na merikani, pamba nzito isiyopaushwa. Kaniki bado inauzwa, muulize muuza vitambaa wa zamani, si wa duka la vitenge. Vitenge viacheni kabisa kwa filamu hii. Kanga inakubalika kwa mwanamke wa mjini au wa stesheni, lakini chagua yenye rangi mbili tatu na maua ya kawaida, kata ukingo wenye jina la kiwanda, na usome maneno yake kabla hujamvika mtu. Nimeletewa kanga ya kampeni za uchaguzi ivaliwe na mama wa 1948! Wafugaji wasivae zile shuka nyekundu za miraba zinazouzwa kwa watalii. Chukua bafta, ile pamba nyeupe nyepesi, au merikani, ichovye kwenye udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta kidogo, ianike juani, mvike lubega.

Magauni ya Wazungu nayashona kwa mapazia ya mitumba yenye maua. Mabega yakae juu, kiuno kibane, vifungo mbele, upindo uishie katikati ya muundi. Pazia zuri linatoa gauni moja na mkanda wake.

Kitambaa kipya kinapiga kelele mbele ya kamera. Cheupe cha leo ni cheupe mno, kina samawati ndani yake. Chemsha chai ya rangi nyepesi, loweka robo saa, suuza, anika. Kaki isugue kwa jiwe la kusugulia visigino kwenye magoti, viwiko na ukingo wa mfuko, mahali ambapo mkono wa mtu huingia kila siku. Kisha mpe mwigizaji nguo hizo aende nazo nyumbani siku kadhaa kabla ya kupiga picha, apikie nazo, alale nazo. Hakuna dawa inayoshinda jasho la mwenye nguo.

Kichwani na usoni msione haya kuwaambia waigizaji wenu: kope za bandia zitoke, nyusi za wino zioshwe, kucha zikatwe, rasta na mawigi yabaki hotelini. Nywele fupi, au misuko ya mkono. Wavulana wasije na denge la wacheza mpira. Dada mmoja alinuna siku nzima kwa ajili ya kope zake, na akaigiza vizuri ajabu, maana ile hasira tuliipiga picha.

Vitu vya mkononi

Hapa ndipo mwaka unapokamata wezi. Land Rover ilizinduliwa 1948, kwa hiyo mwaka huo ni gari jipya la kushangaza, na kwenye filamu ya 1932 haina kazi. Redio ya Dar es Salaam ilianza 1951. Yohana akisikiliza matangazo Kongwa mwaka 1948 anasikiliza ya nchi nyingine, au anasikiliza santuri. Santuri ni bora. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikiingia kwenye kibanda cha karani usiku inafaa mapenzi kuliko kinanda chochote cha kwenye kompyuta, ila mambo ya haki za muziki yamalizeni kwanza.

Pesa: shilingi ya Afrika Mashariki ina kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili, na mwaka 1948 mfalme ni George wa Sita. Senti tano na kumi zina tundu katikati, na watu walizitunga kwenye uzi. Ukimwonyesha Yohana akihesabu senti zilizotungwa uzini ili ajue wamebaki ng'ombe wangapi, huhitaji kumsemesha. Sarafu hizi wazee wanazo kwenye makopo; ziazimwe kwa maandishi na zirudishwe. Stempu za twiga ni za miaka ya mwanzo ya Mwingereza, kuanzia 1922. Tangu 1935 stempu zilikuwa za pamoja, za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Maji yabebwe kwenye vibuyu, mitungi na debe la mafuta ya taa. Debe ndilo mfalme wa kipindi kile: ni ndoo, ni kipimo, ni bati la mlango. Taa ni kandili, na kwa Mzungu au duka la Mhindi ni karabai, ile taa ya kupiga pampu. Mezani pa Mgogo weka ugali wa uwele na mlenda. Msilete wali kwa sababu tu unapendeza kwenye picha.

Na vyeo. Mwaka 1910 anayetumwa na boma ni akida au jumbe. Mwaka 1948 ni mtemi na baraza lake, kwa sababu utawala wa kupitia machifu uliletwa na Gavana Donald Cameron kuanzia 1926. Wazee wa huku bado wanamtaja Mtemi Mazengo wa Mvumi. Ofisa wa wilaya ni Bwana DC, au Bwana Shauri kwa wazee. Watu wasiitane "ndugu" kwa ile sauti ya mkutano wa chama, hiyo ni ya baadaye.

Mahali

Tembea na mpigapicha kabla ya siku, na kila mahali geuka mzunguko mzima. Mbele yako kuna mbuyu na jabali zuri. Nyuma yako kuna mnara wa simu, bati la bluu, na nguzo za reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Ukipata nyuzi tisini safi, piga na shukuru.

Tembe za kweli, zile za paa bapa la udongo, zimepungua, lakini vijijini bado utaipata moja. Usiikarabati! Wenyewe wataona mnawafanyia wema kwa kuipaka chokaa, wakatazeni mapema kwa upole. Kwa treni, tumieni stesheni ndogo za reli ya zamani kama Gulwe, Msagali au Igandu, mkishapata ruhusa ya Shirika la Reli. Behewa likikosekana, weka mshale wa taa ukipita juu ya nyuso za watu na moshi wa majani mabichi. Usiku nani atajua? Mizabibu isionekane kwenye fremu, wala mistari ya miti iliyopandwa juzi. Ukuta wa minyaa unaruhusiwa.

Majira yapangeni kwa hadithi. Nchi hii ni kijani kuanzia Januari hadi Aprili, halafu inageuka rangi ya simba hadi Novemba. Kama mapenzi yanaanza na mvua na kuvunjika na ukame, mnahitaji kwenda mara mbili, na hapo ndipo wengi hujaribu kudanganya kwa kompyuta. Afadhali sini mbili tu za kijani zilizopigwa Februari, na nguo zilezile zitunzwe kwenye mfuko ulioandikwa jina la mhusika na namba ya sini, zisifuliwe.

Ruhusa nazitaja haraka: skripti iende Bodi ya Filamu kabla ya kupiga, kwa sheria ya mwaka 1976, droni ina kibali chake cha usafiri wa anga, majengo ya kale yana wenyewe, na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji waonwe kabla ya gari la vifaa halijaonekana barabarani. Bunduki ziwe za mti. Kuna kikundi kilipita kijiji fulani bila kumwona mwenyekiti, kikapiga siku nzima, jioni kikazuiwa kuondoka na memori ya kamera.

Mapenzi yenyewe

Hapa ndipo mnapotaka busu. Fikirini: binti wa Kigogo, 1948, mchana, kwenye stesheni, mbele ya wajomba? Mwigizaji wako akimbusu mdomoni umeuvunja mwaka kwa mshindo kuliko kama ungempa simu. Kuficha ndiko kunakoipa nguvu hadithi hii. Anamwekea shanga ndani ya kibuyu cha maziwa. Anapita njia ndefu ya kisimani. Anamtumia barua inayoanza na salamu za ukoo mzima, mama, baba, mbuzi, na maneno mawili tu ya mapenzi yamejificha kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu anajua itasomwa na mwalimu mbele ya baba. Sini ya kusomewa barua ile, Mariamu akiwa anasaga uwele kwenye jiwe na kulipunguza mwendo jiwe neno lilipofika, naichagua kuliko mabusu kumi.

Kwa hiyo kaeni na bibi na babu kabla ya kuandika. Pelekeni sukari, majani ya chai na ugoro, amkieni shikamoo na mkae chini kweli. Msiulize "zamani mlipendana vipi," watawacheka. Ulizeni nani alikuja kuposa, alisimama wapi, alivaa nini, ng'ombe walikuwa wangapi na yupi alikuwa mbishi. Bibi ataanza na yule ng'ombe.

Muziki tafuteni kwa wenyewe. Wagogo wanaimba kwa sauti zinazopandana, wana zeze, wana malimba, na wanawake wana ngoma ya muheme. Marehemu Hukwe Zawose aliupeleka muziki huu duniani kote. Lipeni kikundi, andikeni mkataba, mpatane kama ni kuimba mbele ya kamera tu au ni na haki ya kutumia sauti kwenye filamu nzima. Kwa sini ya umati wakusanyeni haohao pamoja na kwaya ya kanisa: wamezoea kusimama pamoja na kumsikiliza mtu mmoja, na wanafika saa waliyoambiwa.

Kuhusu pesa kuisha, maana itaisha. Sini ya kwanza kufuta ni ile dansi ya Wazungu klabuni ambayo kila skripti huwa nayo. Inataka magauni manane, suti, glasi, taa na waigizaji wa Kizungu ambao Dodoma tunawaokoteza kwa wafanyakazi wa mashirika, na wana likizo zao. Mpigieni Yohana amesimama nje gizani akiwa na leja ya stoo, muziki ukisikika dirishani. Mimi nitawadai kaptula moja na soksi.